Kura ya Chanzo cha Ukame

Sina ugomvi na wataalamu. Ila huyu Edson, aliyeletwa na shirika kutoka Shinyanga mjini kutufundisha mabadiliko ya tabianchi, natamani gari lake lingekwama njiani siku ile.

Alitukusanya uwanja wa shule, akauliza: kwa nini mvua imetukimbia? Hapo watu wakaamka. Wazee walisema Mungu amechoka na dhambi zetu. Wafugaji wakasema ni baruti za migodini zinazofukuza mawingu. Wengine wakasema joto lilikuwepo tangu enzi za mababu, tuache kelele. Edson akawasikiliza wote, kisha akakata mzizi wa fitina.

"Si Mungu, na si bahati mbaya. Sayansi imethibitisha. Wanaoharibu mvua ni watu."

Watu wakaanza kutazamana. Edson alifurahi, akadhani somo limeingia. Mimi niliogopa, kwa sababu kwetu ukisema mvua imeharibiwa na watu, swali linalofuata ni moja tu: watu gani? Alipoanza kueleza moshi wa viwanda vya nchi za mbali, hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena.

Kisha akaharibu kabisa. "Mama Mariana, simama!"

Mariana ni mimi. Mama yangu, Scolastika, mjane, akasimama akijifunga vizuri khanga yake. Ana ngitili, kipande cha malisho alichokizungushia miiba, na tangu baba afariki hajamruhusu mtu kuingia humo na shoka. Hata yeye mwenyewe hakati kuni pale. Anapikia mabua na mavi ya ng'ombe, na moshi umemtia macho mekundu. Macho mekundu kwa mwanamke mzee, huku kwetu, huhesabiwa alama ya uchawi, na yameshawaponza wengi wakauawa.

"Jua ni lile lile, mvua ni ile ile," Edson akasema, "lakini kwa huyu mama kuna majani. Jiulizeni kwa nini!"

Wakajiuliza. Niliwaona wakijiuliza.

Akagawa vikaratasi, kila mtu aandike chanzo cha ukame kwa siri, asiweke jina lake, eti akina mama wawe huru. Hakujua kwamba kijijini kwetu kura ya siri hupigwa kumtaja mwizi au mchawi. Nkwabi, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, akavua kofia yake, ikawa ndiyo sanduku.

Mwenyekiti wa kijiji, Maganga, akasoma. "Mungu. Migodi. Mama Mariana." Akafungua nyingine. "Viwanda. Mama Mariana. Mama Mariana."

Aliendelea hivyo hadi karatasi zikaisha kofiani. Nilikuwa nalipenda jina langu.

Edson akacheka. "Jamani, nimeuliza chanzo, si mfano mzuri!" Maganga alizikunja zile karatasi, akazitia mfukoni.

Nilimkimbilia Edson garini, nikamsihi ambebe mama hadi Ushirombo kwa mdogo wa mama. Akanishika bega. "Dada yangu, elimu inachukua muda. Wataelewa tu." Akapandisha kioo, akaondoka. Nilimchukia, na bado namchukia.

Tukaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Majirani walitupita bila salamu, hata wale aliowazalisha mama kwa mikono yake. Nikamwambia achukue nguo chache tu, heri tulale njiani kuliko kulala kijijini. Alikuwa na lake rohoni.

"Mariana, mbona mkaa haukusomwa?"

"Mkaa gani, mama?"

"Karatasi yangu. Mimi nilisema ni mkaa. Hawa wanaomaliza miti kwa kuchoma mkaa."

Mama hajui kuandika. Nikasimama. "Nani alikuandikia?"

"Nkwabi. Alijitolea mwenyewe, kijana wa watu."

Magunia ya mkaa yanayojaza lori pale njia panda ni ya Nkwabi. Nilimshika mama mkono, nikaanza kumvuta, naye akalalamika kwamba namuumiza.

"Shikamoo, mayu!" Nkwabi alimwamkia mama kutoka nyuma yetu kwa sauti ya upole kabisa, sungusungu wenzake wakimfuata. "Msikimbie hivyo. Tunawasindikiza."

Mama akageuka, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akasimama kuwasubiri.