Mama Hajashiba

Nyumbani kwetu Penang, chakula cha marehemu hakiguswi mpaka wenyewe waseme wameshiba. Tunawauliza kwa vibao viwili vya mbao alivyokuja navyo babu kutoka Uchina. Ukivirusha, kimoja kikalala chali na kingine kifudifudi, basi wamekubali.

Mchana ule wa mwezi wa mizimu, marehemu wanaporudi nyumbani kula, Kaka Teik Beng alirusha vibao mara saba mbele ya picha ya Mama. Mara zote saba Mama alikataa. Bata alikuwa ameshapoa, wageni wanameza mate tu.

"Labda supu haina chumvi," alisema mkewe, Siew Kheng.

"Leo ndiyo unajali chumvi, wifi?" nikamuuliza. "Alipokuwa hai je?"

Miaka sita Mama aliishi kwao akila makombo jikoni, tena kwa kusimama, baada ya wote kushiba. Kaka aliona, akanyamaza.

Nikamnyang'anya Kaka vibao. "Mama, unataka leo Siew Kheng ale makombo yetu jikoni, kwa kusimama, kama ulivyokula wewe?"

Nikarusha. Kimoja chali, kingine kifudifudi.

"Umebahatisha!" wifi akapiga kelele. "Rudia!"

Nikarudia mara mbili. Mama akakubali mara mbili.

Wageni wakavuta viti. Wifi akamgeukia mumewe amtetee.

Kaka alinyamaza, kama alivyonyamaza miaka yote sita, akanyoosha mkono akachukua paja la bata.