Sufuria ya Mtu Mmoja

Chumvi ilikuwa imeshamtoka kiganjani ndipo alipokumbuka kwamba leo anampikia mtu mmoja.

Alibaki na mkono hewani juu ya sufuria, akiitazama chumvi ikizama kwenye dengu nyekundu zilizokuwa zimeanza kulainika. Kiganja kizima. Kwa miaka ishirini na nane kiganja hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha jiko la shule ya bweni, na wanafunzi mia sita hawakuwahi kulalamikia chumvi yake. Walilalamikia mengine yote, ila si chumvi. Wao ndio waliompa jina la Mama Songa, kwa sababu ya neno alilowapigia kelele kila siku foleni ilipolegea, na jina likamganda mpaka walimu wakasahau lile la kuzaliwa.

"Nimeshaharibu," alisema. Hakukuwa na mtu wa kumbishia.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mwanawe angefika saa saba.

Huyo mwana ni fundi wa lifti, mtu wa kushinda kwenye mashimo ya maghorofa akiwa na mafuta hadi viwikoni. Miaka miwili iliyopita aliamua kuacha kula chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, maziwa, mayai, hata samli. Mama Songa hakuona tabu. Mtu aliyewahi kulisha watoto mia sita, kila mmoja na deko lake, hawezi kutishwa na mtu mzima asiyekula samli. Kilichomkaa rohoni ni kitu kingine. Mwezi uliopita, kwenye simu, wakitaniana kama ilivyo kawaida yao, alijigamba kwamba alimlisha kijana huyo kwa mkono wake miaka yote ya masomo. Mwanawe akacheka.

"Mama, wewe ulilisha shule," akamwambia. "Mimi nilikuwa kwenye foleni tu."

Naye alicheka. Halafu akakata simu, akakaa pembeni ya kitanda muda mrefu akiwa na simu mapajani. Iliuma kwa sababu ilikuwa kweli. Waliishi chumba cha nyuma ya jiko la shule, wakila kilichopikwa shuleni. Likizo zikija, mtoto alikwenda kwa bibi yake, na huko alipika bibi. Mwanawe alikuwa na miaka thelathini na mmoja sasa, na yeye hajawahi hata siku moja kuweka sufuria motoni kwa ajili yake peke yake.

Muhula uliopita alistaafu. Kisingizio kikawa kimekwisha.

Kwa hiyo alinunua sufuria ndogo, akamwendea jirani yake wa mlango wa pili, fundi cherehani, kumuuliza mtu mmoja hupikiwa dengu kiasi gani.

"Kikombe kimoja," fundi cherehani alimjibu.

"Kikombe cha nini?"

"Cha chai, dada."

Mama Songa alidhani anataniwa. Hata hivyo alipima kikombe kimoja, akaosha dengu mpaka maji yakatakata, na mambo yalikuwa yakienda vizuri kabisa hadi mkono wake ulipoingia kwenye kopo la chumvi bila kumuuliza.

Akaonja. Uso ulimkunjamana wote.

Dawa ya chumvi aliijua: kuongeza dengu. Akaongeza kikombe, kikafuata kingine, na maji juu yake. Sufuria ndogo ikajaa hadi ukingoni. Akahamishia kwenye ile ya wastani. Chumvi sasa ilikuwa sawa, lakini viungo vikawa vimepotelea humo, kwa hiyo akachukua kikaango, akakaanga vitunguu viwili. Akavitazama, akaona vinatia huruma, akaongeza vinne. Vilipogeuka rangi akatia tangawizi na kitunguu saumu alivyovitwanga, halafu jira na giligilani, na bizari ya manjano ikaupaka mwiko rangi. Nyanya zikafuata. Akakoroga mpaka mafuta yakajitenga pembeni na harufu ikampanda puani kama habari njema.

Akamimina vyote kwenye dengu. Akaonja. Sasa viungo ndivyo vilivyotawala, na mchuzi ulikuwa mwepesi, wakati yeye aliutaka mzito, wa kulala juu ya wali bila kukimbilia pembeni. Hiyo ni kazi ya tui. Akakuna nazi moja, ikafuata ya pili. Kwenye ya tatu alikuwa ameshajisahau. Mabega yalimlegea, miguu ikajipanga yenyewe mbele ya jiko, akaanza kuimba kwa chini wimbo usio na maneno. Furaha ilikuwa imemshika bila yeye kuiita. Alipozinduka, mfuko mzima wa dengu ulikuwa umeshaingia motoni, naye alikuwa amepiga magoti akivuta kutoka uvunguni mwa kitanda lile sufuria kubwa la mikono miwili alilopewa siku ya kuagwa.

Fundi cherehani alichungulia mlangoni, futi yake ikiwa shingoni.

"Dada, nimeshindwa kushona. Harufu inanikatiza uzi." Akalitazama sufuria. "Mgeni si ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Ana ukubwa gani?"

"Usinichekeshe, nitalia."

Fundi cherehani hakucheka. Alichukua kijiko, akaonja, akafumba macho. Akaonja tena, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imeshamtosha kujua. "Mimi nakwambia kitu kimoja tu," alisema akiondoka. "Hiki usikimwage." Kisha nyayo zake zikasikika zikipanda ngazi badala ya kurudi kwenye cherehani yake, na Mama Songa hakuwa na nafasi ya kujiuliza zinakwenda wapi.

Tui zito aliliweka mwisho, akikoroga polepole upande mmoja lisikatike. Mchuzi ukabadilika rangi mbele yake, ukawa wa dhahabu iliyofifia, laini. Alijua bila kuonja kwamba umekubali. Ungetosha watu arobaini.

Mwanawe alifika nusu saa kabla ya wakati, begi la vyuma likining'inia begani. Alisimama mlangoni akalitazama sufuria, akamtazama mama yake, akalirudia sufuria.

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, baba. Ingia."

"Harusi?"

"Nimesema ingia."

Aliingia, akaweka begi chini. Kwenye beseni aliona ile sufuria ndogo, mpya, bado ina karatasi ya dukani ubavuni. Akaiokota, akaigeuzageuza.

"Nilitaka iwe yako peke yako," mama yake alisema. "Kikombe kimoja, cha chai. Mkono umekataa. Sijui kupika kidogo, mwanangu. Nimejaribu tangu asubuhi, na nimekupikia foleni tena."

Kijana aliirudisha sufuria mahali pake taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaenda kunawa mikono, akaisugua kila kidole, akakaa mezani.

"Nipe," alisema.

Akampakulia wali, akamwagia mchuzi juu yake. Ulilala pale pale. Kijana akala tonge la kwanza, na la pili, na kwenye la tatu akatoa sauti ndogo kooni ambayo mama yake hakuwahi kuisikia, kwa sababu kwenye bwalo lenye watoto mia sita sauti kama hiyo haisikiki.

"Umetia nini humu?"

"Vya kawaida. Na tui."

"Hapana samli?"

"Hata harufu yake. Kikaango nimekisugua mara tatu."

Kijana akaendelea kula. Baada ya muda akainua macho. Mama yake alikuwa bado amesimama kando ya sufuria, mgongo umenyooka, upawa mkononi, macho yakitazama juu ya kichwa cha mwanawe kuelekea mlangoni.

"Mama," alisema kwa upole. "Nyuma yangu hakuna mtu."

Mama Songa aliutazama upawa. Aliuweka chini. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mwanawe, na mikono yake isijue ikae wapi.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa. Kazi ya fundi cherehani ilikuwa imezaa matunda: ukumbini walisimama majirani wa ghorofa zote tatu, wamepangana ukutani, kila mmoja na bakuli lake, wakijifanya wamekuja kusalimia. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza, na bakuli lake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Mama Songa alikuwa ameshainuka nusu kabla hajafikiri. Miguu ilikuwa inakwenda. Katika miaka ishirini na nane, mvua au jua, homa au uzima, hakuwahi kuifanya foleni imngoje. Kijana alikuwa ameshaanza kusogeza kiti chake ili ampishe.

Akakaa tena.

"Subirini kidogo," aliwaambia wale wa mlangoni. "Mwanangu anakula."

Huko nje mtu alicheka, mwingine akauliza kama anaruhusiwa kukaa kwenye ngazi, na mabakuli yakasikika yakiwekwa sakafuni moja baada ya jingine. Kijana aliinamisha uso kwenye sahani, masikio yakiwa yameiva kwa haya. Alikula polepole. Alianza pembeni akizunguka ukingo wote, akiacha katikati kilima kidogo cha mwisho, na mama yake, mikono imetulia mezani, akawa anamtazama anavyokula.