Upepo wa Kubebea Gunia

Theodory aliminya tairi la mbele kwa dole gumba. Halikubonyea. Akatabasamu.

"Jiwe," alisema. "Hili linafika Babati kabla ya mwenyewe."

Tulikuwa kwenye gereji ya malori, juu ya mteremko, ambapo mashindano ya baiskeli yangeanzia. Manyunyu yalishaanza kulowesha lami. Huko chini, kabla ya kufika Singe, kuna kona. Mwaka jana kwenye kona hiyo baiskeli ya mshindani mmoja, Scola, iliruka kama kokoto, akavunjika bega. Tairi lake lilijazwa na Theodory huyuhuyu, kwa kompresa hiihii ya malori. Kamati ikasema ni bahati mbaya. Tuliomba kipimo cha upepo, wakatuletea fulana. Wao wamesahau, mimi sijasahau, na sasa anayeshuka ni mdogo wangu Kandida.

"Punguza upepo, fundi."

"Mama Calvin, nimejaza matairi tangu hujaolewa. Upepo ukiwa mdogo, rimu inagonga chini."

"Ulikuwa unawajazia wanaopeleka mahindi sokoni. Huyu amebeba gunia gani?"

"Amebeba chapati za asubuhi," kijana mmoja alisema, wenzake wakacheka.

Theodory hakucheka. "Haya, mtaalamu, toa mwenyewe. Akianguka ni juu yako."

Kwamba tairi gumu hudunda kwenye lami yetu mbovu na kuteleza ikilowa, hilo nilijua. Kiasi cha kutoa sikukijua. Ningezidisha, shimo moja lingepasua mpira wa ndani, naye yuko kasi. Nilibonyeza valvu, upepo ukafoka. Nikaminya. Nikatoa tena kidogo. Nikamwambia Kandida akae kitini. Tairi likatanuka kidogo tu chini yake. Nikaishia hapo, kwa kukisia.

"Dada, umemaliza au unasali?"

"Vyote."

Filimbi ikalia, wasichana wakashuka kwanza. Niliwafuata kwa bodaboda ya Paskasi. Tulipofika kwenye kona, wawili walikuwa chini, mmoja ameshika kiwiko, baiskeli ziko mtaroni. Nilitafuta fulana nyekundu ya Kandida humo mtaroni, halafu nikaogopa kuendelea kutafuta.

"Mama Calvin," Paskasi alisema taratibu, "yule kule."

Kandida alikuwa amesimama mwisho wa mteremko, mguu mmoja chini, midomo imemkauka.

"Umeumia?"

"Hapana. Langu lilishika barabara. Ya wenzangu yalikuwa yanaruka mbele yangu, nikayaona yanaacha barabara." Alitazama juu ya mteremko. "Miguu imegoma, siendelei. Dada, wanaume bado hawajaachiwa."

Nikamwambia Paskasi ageuze pikipiki. Tulipofika juu, baiskeli za wanaume zilikuwa zimepangwa mstari, na Theodory anajaza ya mwisho. Nilichuchumaa kwenye ya kwanza, nikabonyeza valvu bila kumwomba mtu ruhusa. Niliogopa kuliko mwanzo, maana sasa nilikuwa nakisia kwa watoto wa watu.