Simu Bila Laini

Okello amemaliza fom foo na hatulii. Juzi akiwa Kisumu, kwa waifai ya duka la kina Alnoor, alidaunlodi ile akili bandia ya kujibu maswali, yote nzima, akaiweka kwa simu ya shangazi yake Ajwang, sababu simu yake mwenyewe haiwezi kuibeba. Sasa wako kwa banda la samaki huko Luanda Kotieno, na Ajwang amekasirika.

"Hiyo kitu inakula bando yangu. Leta simu!"

"Waya, shangazi yangu, haitumii bando. Inafikiria hapo ndani tu." Okello akatoa laini, akamwekea kwa mkono. "Shika. Sasa uliza."

Ajwang akaifinya laini isije ikatoroka. "Iulize kwa nini wewe unaitwa Okello."

Simu ikashika moto kama sufuria, maneno yakatoka mojamoja, na Okello akayasoma kwa sauti: *Okello ni jina la Kijaluo la mtoto aliyezaliwa usiku.*

Wamama wanaouza omena, wale dagaa, hapo bandani wakaangua kicheko. Nani hajui Okello ni yule anafuata mapacha? Na hao mapacha, kaka zake Opiyo na Odongo, si walikuwa hapo nje wakipakia barafu!

Okello akajua sasa shangazi atachukua simu yake.

"Ai, kweli haitumii bando, haijauliza mtu," Ajwang akasema, akipangusa machozi. "Ingekuwa na laini, si mtu angeiambia? Kaa nayo." Halafu akasogea, akainama juu ya kioo. "Hebu iambie ukweli. Tuone kama itashika."