Mlete Mumeo

Zuhura ana steshenari Kaole. Huchapa barua, hutoa fotokopi na kuwajazia vijana maombi ya vyuo mtandaoni. Alipochoka kutegemea bando la simu yake, alinunua rauta iliyokwisha tumika kwa Yousuf, mwenye duka la vifaa vya umeme Bagamoyo mjini.

Rauta iliwaka vizuri, lakini kila alipotaka kuibadilisha mipangilio ilidai neno la siri la mwenyewe wa zamani. Akachokonoa kwa pini kitundu cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani; kitufe cha ndani kilikuwa kimevunjika. Akampigia Yousuf.

"Hayo hutayaweza, binti," Yousuf alimjibu. "Mlete mumeo nimwelekeze."

"Mume wangu yuko Lugoba kwenye machimbo ya kokoto. Rauta haijui hata ikoje."

"Basi mngoje arudi." Akakata simu.

Zuhura alibaki ameishika simu, masikio yanamuwaka moto. Siku aliyompa fedha, mbona Yousuf hakuuliza mume yuko wapi? Akawaambia wateja warudi alasiri, akafunga duka, akabeba rauta na kompyuta mpakato yake hadi mjini.

"Shikamoo."

"Marahaba." Yousuf alichungulia nyuma yake. "Mwenzio yuko wapi?"

"Nimekuja mimi. Aliyenunua ni mimi. Nipe paswedi."

"Mbona una jazba, binti? Mambo haya yana utaalamu. Ukiiharibu utasema nimekuuzia kibovu."

"Kwani wewe mwenyewe unaijua?"

Yousuf akaanza kupangapanga nyaya mezani.

Kelele zile zilimtoa mkewe, Bi Kholood, katika nyumba iliyo nyuma ya duka. Macho yake yakatua kwenye rauta.

"Hii si yangu?" Akaigeuza, akaugusa ufa wa pembeni. "Yousuf, si uliniambia iko kwa fundi?"

"Mama Azzan, tutaongea ndani."

"Kila nikimuuliza, fundi anatafuta kipuri!" Bi Kholood alimgeukia Zuhura. "Mie nauza mabaibui kwa mtandao. Wateja wangu wanadhani nimewakimbia."

Zuhura aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye mwizi. "Sikujua, dada. Kama ni yako ichukue, yeye anirudishie changu."

"Wewe umenunua kwa halali, huna kosa. Washa."

Bi Kholood akaandika neno la siri bila kumtazama mumewe. Likakubali papo hapo. "Paswedi niliiweka mwenyewe. Huyu hata ikizimika alikuwa ananiita mimi. Haya, weka yako."

Yousuf akacheka kidogo. "Si mnaona? Limekwisha."

"Halijaisha," Bi Kholood alisema. "Leo hii utaninunulia nyingine, mpya, na si ya dukani kwako. Nitaichagua mimi."

Zuhura alifunga kompyuta yake. "Mzee Yousuf, ungeniambia tu kwamba huijui. Kulikuwa na haja gani ya kumtaja mume wangu?"

Alingoja neno la samahani. Yousuf aliinamia nyaya zake. Zuhura akamshukuru Bi Kholood, kisha akatoka bila kumuaga mwenye duka, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia mtu mzima.

Alasiri ile maombi ya vijana yalikwenda yote. Mmoja wao, lake lilipokuwa bado kutumwa, alimuuliza kwa nini anasonya ilhali mtandao uko vizuri.

"Endelea kusoma jina lako kama limeandikwa sawa," Zuhura alimwambia, akasonya tena.