Swichi Iliyobaki Ng'ambo

Haya ni kweli tupu, wallahi. Nimekwisha kumwapia Bi Mwantumu, muuza kahawa wa kijiweni kwetu: akinikamata na uongo hata mmoja, kahawa ya kijiwe kizima ni juu yangu, na kashata zake.

Katika ufalme wa Mfalme Kiboko, Shirika la Umeme lilikuwa na mwanasheria wake, Bi Kakakuona. Mikataba yote ya mitambo na kompyuta ilikuwa kazi yake. Ila ufalme ule ulikuwa na utaratibu: mkataba hutiwa saini kwanza, huliwa pilau, ndipo hupelekwa kwa mwanasheria aunyooshe.

Ndivyo ulivyomfikia mkataba wa Kicheche, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto, aliyeuza mfumo wa kuwasha na kuzima umeme wa nchi nzima. Bi Kakakuona akausoma, magamba yakamsimama. Mbio mpaka kwenye Baraza la Mfalme.

"Mtukufu Mfalme, swichi kuu inabaki ng'ambo, mkononi mwa Kicheche. Siku akinuna, anatuzima, hospitali zikiwemo. Nani alilikubali hili?"

"Sote," akajibu Ngiri, Waziri wa Nishati. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikualikwa, Mheshimiwa."

"Tukualike vipi, nawe kila ukija unasema hapana? Pilau lingepoa!"

Baraza likaangua kicheko. Kicheche, aliyekuwa mgeni wa Baraza siku hiyo, akainama kwa adabu. "Dada yangu, sisi ni ndugu. Ndugu huzimiana taa?"

"Kama hawazimiani, kaka, basi tuandike hivyo."

Kicheko kikakatika. Kiboko akapiga miayo, na wajumbe wakapiga makofi, maana miayo yake ndiyo sheria. "Mwanasheria, gonga mhuri, au acha ufunguo wa ofisi."

Bi Kakakuona akaweka mezani vyote viwili, akaondoka. Ngiri akagonga mhuri mwenyewe, maandishi yakatoka kichwa chini miguu juu.

Haukupita muda, Kicheche akataka apewe na maporomoko ya maji. Kiboko akasitasita. Basi Mfalme akiwa katikati ya hotuba, kipaza sauti kikafa. Pampu ya bwawa lake ikafa pia. Wagonjwa wakabebwa nje kwenye jua, na waliowabeba wakapitiliza nao mpaka ikulu. Wakamkuta Mfalme kwenye tope, ngozi inapasuka. Akasimama, akasema, "Raia wangu, nimekosea. Kakakuona alituonya."

"Hapo hapo, mzee!" Bi Mwantumu akaweka birika chini.

"Wapi tena?" nikamuuliza.

"Kakakuona mwanasheria, nimekubali. Kiboko kutia saini, nimekubali. Mfalme aseme amekosea? Toa hela!"

Kijiwe kizima kikasogeza vikombe. Nikalipa, na kashata. Kisha nikasimulia ilivyokuwa hasa: Mfalme alisimama kwenye tope, akaamuru Kakakuona akamatwe, kwa kosa la kusema hapana kwa sauti ndogo.

"Ehee," akasema Bi Mwantumu akinimiminia. "Sasa unasema kweli."