Korongo Wenye Kwao

Mwaka ule Mjerumani mmoja alipiga kambi Mwaya, akatangaza kuwa korongo weupe wanaotua mashambani kwetu mvua zikikaribia wanatoka kwao Ulaya. Sawa. Wajerumani walishawachukua waume zetu kubeba mizigo yao, Nsajigwa wangu akiwamo. Sasa hata ndege walikuwa wa kwao. Yule Mjerumani akamwamuru baba mkwe wangu awahesabu kwenye shamba letu wenyewe, siku kumi, na mtu asifukuze ndege wa aina yoyote mpaka hesabu iishe. Atakayefukuza, hamsa ishirini: viboko ishirini na vitano.

Mimi juzi yake nilikuwa nimemwaga mbegu ya mpunga. Mbegu yote. Korongo hawana neno, chakula chao ni nzige na vyura. Lakini njiwa na bata bukini walijua wamepata mtetezi. Walishuka makundi kwa makundi, wakala, na baba mkwe ameketi juu ya kichuguu anafunga mafundo kwenye kamba ya mgomba, kila korongo kumi fundo moja.

Angekuwa mtu mwingine ningemfuata nikampa yake. Lakini kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia majanini. Basi nilishinda nimejificha migombani, naona chakula cha wanangu kinaliwa. Nilimtuma mama mkwe mara mbili. Mara zote mzee alijibu kuwa mgongo wake umezeeka, hauwezi kiboko. Nilimchukia, nasema kweli.

Siku ya nne hasira zilinizidi. Nilikimbia hadi katikati ya shamba nikigonga jembe kwa jiwe na kupiga kelele. Wote wakaruka, wenye kwao na wasio na kwao. Baba mkwe akainuka, macho yetu yakakutana. Akajifunika uso kwa nguo yake, akanipa mgongo. Mimi sikujificha.

Jioni askari alikuja kuuliza nani amefukuza ndege wa Bwana. Mama mkwe alikuwapo, ndiye aliyenisimulia jibu la mzee.

“Ni mimi. Nimechoka kuhesabu.”

Walimchapa kambini, vyote ishirini na vitano. Wapo wanaosema alinihurumia. Wapo wanaosema kukiri kuwa ameonana na mkwewe ni aibu kubwa kuliko kiboko. Siwezi kumuuliza, na hilo nalo linanikasirisha mpaka leo.

Nilichoweza ni kumtuma mama mkwe ampelekee ndaga yangu, asante yetu ya Kinyakyusa. Akarudi na swali moja tu kutoka kwa mzee, aliyekuwa amelala kifudifudi: mbegu imebaki?

Nikamwambia amjibu kuwa imebaki ya kutosha. Nilidanganya. Shamba zima ndege walikuwa wamebakiza maganda tu.